Georgia: jimbo la Marekani ambako chupa ya maji iliingia katika sheria ya uchaguzi

Katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, mtu anayepita kwenye mstari wa wapigakura akiwagawia chupa za maji anaweza kupelekwa tribinali. Adhabu inaweza kufika mwaka mmoja wa kifungo na faini ya dola 1,000. Sheria hiyo ilitiwa sahihi tarehe 25 mwezi wa tatu 2021. Watu waliosikia habari hiyo ku radio, hata huku Goma, Bukavu na Bunia, walijiuliza: sasa maji yana hatia gani?

Jibu si fupi. Ndani yake kuna kura 11,779, chama kimoja kilichogawanyika vipande viwili, na maneno makali kutoka pande zote ambayo yaliwafanya watu wengi washindwe kujua sheria yenyewe inasema nini.

Kwanza tuelewe namna uchaguzi unavyopangwa kule. Marekani haina chombo kimoja cha inchi nzima sawa vile CENI. Kila jimbo lina sheria zake, na ndani ya jimbo kazi inafanywa na kaunti, ambazo msomaji anaweza kuzilinganisha na teritware. Georgia ina kaunti 159. Kila kaunti inaandikisha watu wake, inatafuta wafanyakazi wake, inafungua vituo vyake na kuhesabu kura zake. Juu yao kuna Katibu wa Jimbo, ambaye anachaguliwa na wananchi kwa tiketi ya chama. Yaani msimamizi wa mchezo ni memba wa timu moja, na kila mtu anajua. Wamarekani wengi wanaona ni jambo la kawaida.

Mwaka 2018 jambo hilo lilifika mbali. Brian Kemp, Mrepublican, alikuwa Katibu wa Jimbo na papo hapo alikuwa anawania ugavana, yaani uliwali wa jimbo. Mpinzani wake alikuwa Stacey Abrams, Mdemocrat, mwanamke mweusi. Mwaka mmoja mbele ya hapo, ofisi ya Kemp ilikuwa imefuta majina zaidi ya 500,000 katika orodha ya wapigakura. Ofisi ilisema ni kusafisha orodha: watu waliokufa, waliohama, na wale ambao hawakupiga kura kwa miaka mingi. Wapinzani wakasema kukaa bila kupiga kura si kosa la kumfutia mtu jina. Kemp alishinda kwa tofauti ya kura karibu 55,000. Abrams alikiri kwamba Kemp atakuwa gavana, lakini alikataa kutamka maneno ya kawaida ya kukubali kushindwa, akisema mchezo haukuwa wa haki. Mashtaka ambayo shirika lake lilipeleka tribinali yalikuja kukataliwa na hakimu mwaka 2022. Inafaa kukumbuka jambo hili, juu wengi wanadhani kukataa matokeo Georgia kulianzia kwa mtu mmoja mwaka 2020.

Basi tufike 2020. Uchaguzi wa raisi wa Marekani unapita jimbo kwa jimbo: anayeongoza katika Georgia, hata kwa kura moja, anachukua wajumbe wote 16 wa jimbo. Tangu Bill Clinton mwaka 1992 hakuna Mdemocrat aliyekuwa ameshinda pale. Watu karibu milioni 5 walipiga kura, na Joe Biden akamshinda Donald Trump kwa kura 11,779. Kugawanya ushindi huo kwa kaunti 159 ni kama kura 74 kwa kila kaunti.

Kura zilihesabiwa mara tatu. Mara ya kwanza kwa mashine. Mara ya pili kwa mikono, karatasi moja moja, zote. Wakati huo zilionekana kura elfu kadhaa ambazo kaunti chache zilisahau kuziingiza katika hesabu, na tofauti ikapungua kidogo. Mara ya tatu kwa mashine tena, kwa sababu upande wa Trump uliomba. Aliyeshinda hakubadilika.

Kati ya waangalizi waliotazama hesabu ile ya mikono walikuwemo watu wa Kituo cha Carter. Wasomaji wa Kivu, Ituri na Maniema wanakijua: njo kile kilichotuma waangalizi Congo mwaka 2006 na 2011, na ambacho mwaka 2011 kilisema matokeo ya Kinshasa hayaaminiki. Makao yake ni Atlanta, mji mkuu wa Georgia. Kituo kilichozoea kupanda ndege kwenda kuangalia uchaguzi wa wengine, safari hii kazi ilikuwa nyumbani.

Sehemu moja ya kuhesabia kura za Atlanta ilikuwa State Farm Arena, uwanja wa basketi wa timu ya Atlanta Hawks, ambako jezi namba 55 ya Mcongomani Dikembe Mutombo ilitundikwa juu kwa heshima. Humo walifanya kazi mama mmoja na binti yake, Ruby Freeman na Shaye Moss. Mwezi wa kumi na mbili 2020, Rudy Giuliani, avoka wa Trump, alionyesha kipande cha video ya kamera za ulinzi akadai kwamba wafanyakazi walitoa masanduku ya kura za uongo chini ya meza. Wachunguzi wa jimbo na polisi wa serkali kuu walitazama video yote: yalikuwa makasha ya kawaida ya kura. Giuliani alidai pia kwamba mama na binti walipeana kifaa cha kompyuta kwa siri. Moss alieleza mbele ya wabunge mwaka 2022 kwamba mama yake alimpa pipi ya tangawizi.

Lakini uongo ulikuwa umeshatembea. Wale wanawake wawili walipokea vitisho vya kuuawa, vingi vikiwa na matusi ya rangi. Mama alishauriwa na polisi aondoke nyumbani kwake. Mwezi wa kumi na mbili 2023 baraza la raia tribinalini lilimhukumu Giuliani awalipe dola milioni 148. Hakuna feza inayomrudishia mtu jina lake mtaani, lakini hukumu ilionyesha kwamba kusema ku televisheni "wameiba" bila ushuhuda kunaweza kuwa na bei.

Hapa njo inaingia vita ya ndani ya chama. Msomaji angefikiri kwamba Trump alikuwa anagombana na Wademocrat. Hapana. Huko Georgia gavana alikuwa Mrepublican, Katibu wa Jimbo Brad Raffensperger alikuwa Mrepublican, na bunge lote la jimbo lilikuwa mikononi mwa chama hicho. Wote wawili walikuwa upande wa Trump. Sasa yeye alikuwa anawataka wageuze matokeo. Tarehe 2 mwezi wa kwanza 2021 alimpigia Raffensperger simu ya saa moja hivi, akamwambia anataka tu kupata kura 11,780, yaani moja zaidi ya zile zilizomwangusha. Simu ilirekodiwa, na kesho yake dunia nzima iliisikiliza. Raffensperger alimjibu kwa upole kwamba hesabu alizonazo raisi si za kweli.

Mwezi mmoja mbele ya simu hiyo, Gabriel Sterling, mfanyakazi mkubwa katika ofisi ya Raffensperger na yeye Mrepublican, alisimama mbele ya waandishi wa habari kwa hasira. Kijana mmoja fundi wa mashine alikuwa ametishiwa kunyongwa. Sterling alimwambia Trump waziwazi kwamba maneno haya yakiendelea, mtu atauawa. Siku 36 baadaye umati ulivamia jengo la bunge Washington.

Ugomvi ule uliwagharimu wenyewe. Sheria ya Georgia inataka mshindi apite nusu ya kura, asipopita kuna duru ya pili. (Congo ilikuwa na duru ya pili kwa uraisi katika katiba ya 2006, ikaiondoa mwezi wa kwanza 2011, Georgia imebaki nayo.) Tarehe 5 mwezi wa kwanza 2021 kulikuwa na duru ya pili ya viti viwili vya senati, na viti hivyo vilikuwa vinaamua nani atashika senati yote ya Marekani. Warepublican walihitaji kimoja tu. Lakini wafuasi wao walikuwa wameambiwa kwa miezi miwili kwamba kura zinaibwa, na avoka mmoja maarufu wa kambi ya Trump aliwaambia mbele ya mkutano wasiende kupiga kura kwanza. Ukimwambia mtu sanduku limetobolewa, usishangae akibaki nyumbani. Wademocrat Raphael Warnock na Jon Ossoff walichukua viti vyote viwili. Senati ikawa 50 kwa 50, na sauti ya kuvunja usawa ilikuwa ya makamu wa raisi Kamala Harris.

Sasa tunafika kwenye sheria yenye maji. Miezi miwili na nusu nyuma ya kushindwa huko, bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kurasa 98, na Kemp akaitia sahihi siku ileile.

Iligusa mambo mengi. Mwaka 2020, kwa sababu ya Covid, watu zaidi ya milioni 1.3 wa Georgia walipiga kura kwa posta. Zamani karani alilinganisha sahihi ya mtu na ile iliyo katika faili; sheria mpya ikaweka namba ya leseni ya gari au ya kitambulisho. Muda wa kuomba karatasi ya posta ulipunguzwa kutoka siku 180 mbele ya uchaguzi hadi 78. Masanduku ya kutumbukizia kura, ambayo yaliruhusiwa mwaka 2020 kama dharura tu, yaliandikwa katika sheria kwa mara ya kwanza, lakini yakawekwa ndani ya majengo, kwa saa za kazi, na kwa idadi ndogo. Kaunti ya Fulton, yenye sehemu kubwa ya Atlanta, ilikuwa nayo 38. Yakashuka chini ya kumi. Upande mwingine, siku za kupiga kura mapema hazikufutwa. Kaunti zote zililazimishwa kufungua siku mbili za posho, jambo ambalo kaunti nyingi za vijijini hazikuwa zikifanya. Kati ya duru ya kwanza na ya pili palikuwa na wiki tisa; sasa ni nne.

Na maji? Sheria ilikataza kumpa mpigakura feza, zawadi, chakula au kinywaji karibu na kituo au karibu na mstari. Waliotunga walisema ni kuzuia watu wa vyama kupita na chupa wakinunua mioyo ya watu dakika ya mwisho. Mtu wa Congo aliyeona fulana, vitenge na sukari vikigawiwa wakati wa kampeni hawezi kusema hoja hiyo ni ya kipumbavu. Na wafanyakazi wa kituo waliruhusiwa kuweka maji mahali ambapo mtu anajichotea mwenyewe. Lakini kuna swali la mbele yake: mstari mrefu ulikuwa wapi? Mwezi wa sita 2020, katika uchaguzi wa mchujo, watu walisimama saa nyingi sana katika vituo vya Atlanta na pembeni yake, ambako weusi ni wengi. Pale ambapo mtu anamaliza kupiga kura kwa dakika kumi, sheria ya maji haimgusi. Baadaye, mwaka 2023, hakimu alisimamisha kwa muda adhabu kwa wale wanaogawa maji mbali na kituo, nje ya hatua zilizopimwa, juu kumpa mtu maji ni namna ya kutoa maoni ambayo katiba inalinda.

Kitu kizito zaidi kilikuwa kwingine, lakini hakikusemwa sana kwa sababu hakina picha. Sheria ilimwondoa Katibu wa Jimbo katika uongozi wa Baraza la Uchaguzi la jimbo, ikawapa wabunge nguvu zaidi ya kuamua nani akae pale, na ikaliruhusu baraza hilo kuchukua kwa muda uongozi wa uchaguzi katika kaunti. Raffensperger alikuwa amekataa kutafuta kura 11,780. Miezi mitatu baadaye kiti chake cha uongozi katika baraza kikapotea. Sheria ilisema pia mwananchi mmoja anaweza kupinga majina ya wapigakura bila kikomo, hata elfu moja kwa siku moja.

Kisha maneno yakawaka. Biden, akiwa raisi mpya, aliita sheria hiyo Jim Crow ya karne ya 21. Neno hili linahitaji kuelezwa. Nyuma ya utumwa kuisha mwaka 1865, majimbo ya kusini yalitunga sheria za kuwatenga weusi katika kila kitu: shule, treni, hoteli, na kura. Kulikuwa na kodi ya kupigia kura, mitihani ambayo karani alikuwa anaamua nani amefaulu, na uchaguzi wa mchujo wa wazungu peke yao. Aliyeng'ang'ania alipoteza kazi, nyumba au maisha. Mfumo huo wote njo uliitwa Jim Crow. Ulivunjwa, kwa upande wa kura, na sheria kubwa ya 1965. Kwa miaka karibu 50 Georgia haikuweza kubadilisha sheria za kura bila ruhusa ya Washington, mpaka Mahakama Kuu ilipoondoa kizuizi hicho mwaka 2013.

Je, sheria ya 2021 ni Jim Crow? Kwa vipimo vya historia, hapana. Kupunguza masanduku si sawa na kumpiga mtu risasi kwa sababu amejiandikisha. Biden alidai hata kwamba sheria inafunga vituo mapema watu wakiwa bado kazini. Haikufanya hivyo, siku ya uchaguzi vituo vinafungwa saa moja jioni kama zamani. Lakini anayesema ilikuwa kazi safi ya kupanga mambo vizuri naye anaficha kitu. Ilitungwa kujibu wizi ambao hesabu tatu hazikuuona, na watu waliopunguziwa njia ni wale wa mji.

Moto huo ulizaa matokeo ambayo hakuna aliyeyaomba. Ligi kuu ya baseball ilihamisha mchezo wake mkubwa wa mwaka kutoka Atlanta kwenda Denver. Kampuni za Coca-Cola na Delta, zote za Atlanta, zililaumu sheria; Warepublican wakazitishia. Na aliyefaidika zaidi ni Kemp. Trump alikuwa amemtangaza kuwa msaliti, wafuasi walikuwa wanamzomea, lakini sasa alionekana ku televisheni kila siku akipigana na raisi wa Wademocrat na makampuni makubwa. Kwa mchujo wa mwezi wa tano 2022 Trump alimletea mpinzani ndani ya chama, David Perdue, aliyekuwa seneta. Kemp alimshinda kwa zaidi ya pointi 50. Raffensperger naye alipita. Mwezi wa kumi na moja Kemp alimshinda Abrams kwa mara ya pili, kwa tofauti kubwa zaidi.

Na wapigakura? Mwaka 2022 zaidi ya watu milioni 2.5 wa Georgia walipiga kura mapema, idadi kubwa kuliko zote kwa uchaguzi usio wa uraisi. Warepublican walisema: mmeona, hakuna aliyezuiwa. Wapinzani walijibu kwamba watu walijitokeza kwa sababu makanisa na mashirika yalifanya kazi mara mbili, na kwamba pengo kati ya wazungu na weusi katika kujitokeza lilipanuka. Mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Kura za posta, zilizokuwa milioni 1.3, hazikufika 300,000. Kwa senati, Mdemocrat Warnock, mchungaji mweusi wa kanisa alilohubiri Martin Luther King, alishinda tena katika duru ya pili.

Lile baraza ambalo halikuwa na picha lilionekana mwaka 2024. Trump, akiwa tena mgombea, alisimama Atlanta mwezi wa nane akawasifu kwa majina watatu kati ya wajumbe wake watano, na katika mkutano huohuo akamshambulia Kemp. Watatu hao walipitisha sheria mpya, wiki chache mbele ya uchaguzi: wasimamizi wa kaunti wafanye uchunguzi mbele ya kuthibitisha matokeo, na karatasi zihesabiwe kwa mikono katika kila kituo. Wafanyakazi wa kaunti, wa vyama vyote, walilalamika kwamba muda umekwisha. Mwezi wa kumi mahakimu walizisimamisha, na hakimu mmoja aliandika kwamba kuthibitisha matokeo ni wajibu, si hiari ya msimamizi. Mwezi wa sita 2025 Mahakama Kuu ya Georgia ilifuta nne kati ya sheria saba zilizobishaniwa. Uchaguzi wenyewe ulipita kwa utulivu. Trump alishinda jimbo kwa kura karibu 115,000, na kelele za wizi zikanyamaza.

Ugomvi wa ndani bado. Trump na Kemp walipatana mwishoni mwa mwezi wa nane 2024. Mwaka 2025, Raffensperger alitangaza kuwania ugavana wa 2026, huku Trump akiwa ameshamuunga mkono Burt Jones, makamu wa gavana, ambaye mwaka 2020 alikuwa mmoja wa Warepublican 16 waliotia sahihi karatasi ya kudai kuwa njo wao wajumbe halali wa Georgia. Serkali kuu, iliyokuwa imeishtaki Georgia juu ya sheria ya 2021 wakati wa Biden, iliondoa mashtaka mwezi wa tatu 2025.

Familia nyingi za Kivu zina ndugu kule. Clarkston, mji mdogo karibu na Atlanta, umepokea wakimbizi kwa miaka mingi, Wacongomani wakiwemo, na Kiswahili kinasikika madukani. Kwao sheria ni kali kwa namna nyingine. Mkimbizi mwenye karatasi za kukaa lakini asiye raia haruhusiwi kupiga kura; akipiga, hata kwa kudanganywa na mtu aliyempa fomu sokoni, anaweza kushtakiwa, kunyimwa uraia na kurudishwa. Uraia unaombwa kwa kawaida nyuma ya miaka mitano. Aliyekwisha kuupata anajiandikisha katika kaunti yake, na siku ya kura anaonyesha kitambulisho chenye picha, kama leseni ya gari au paspoti ya Marekani. Asiyekuwa nacho anapewa cha bure na ofisi ya kaunti. Na kwa sababu jina linaweza kupingwa na jirani asiyemjua, watu wa mashirika ya kule wanawashauri wachungulie jina lao ku intaneti mbele ya kila uchaguzi, hata kama walipiga kura mara iliyopita.